Walimu wa UPE hawakuporomosha elimu

Mhariri,

Nimewasoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya historia ya elimu nchini, ile iliyodai kwamba shule zetu zilianza kuporomoka siku walimu wa UPE, ule mpango wa Tanzania wa Elimu ya Msingi kwa Wote, walipoingia darasani, imenishinda kuinyamazia.

Ziliporomoka kutoka wapi? Mkoloni alituachia shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake, hadi zilipounganishwa mwaka 1962. Mtoto wa Mwafrika alisoma miaka minne, akafanya mtihani, na walio wengi wakarudi nyumbani kuchunga. Azimio la Musoma la 1974, la chama tawala TANU, likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba. Tulifundisha huku tukisoma kwa posta, kwa redio na kwa waratibu wa elimu waliotufuata vijijini. Mimi nilianzia ndani ya ghala la pamba, watoto wamekaa juu ya magunia, asubuhi kundi moja na mchana jingine. Msimu wa kununua pamba ukifika tunatolewa nje, kwa sababu wazazi walikuwa bado wanafyatua matofali ya darasa. Watoto hao walijua kusoma. Vitabu vilipoadimika miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na uchumi kuyumba, tuliandika hadithi nzima ubaoni wao wakinakili. Halafu mwandishi wenu anakuja kutuhesabu sisi kuwa ndio ugonjwa!

Mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya shule hiyohiyo. Mgeni rasmi, kijana wa makamo ya mwanangu wa mwisho, akawaambia watoto kuwa UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Meza kuu ikaangua kicheko. Nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake. Wazazi waliokuwa wakinitazama kutoka kwenye mabenchi, nusu yao niliwashika mkono mimi kuandika herufi a.

Na hili nalo liandikwe. Siku hiyo niliomba kuona daftari la kwanza la uandikishaji. Nikajibiwa kwamba makaratasi ya zamani yalichomwa ofisi ilipokuwa ikipakwa rangi. Yamechomwa! Majina ya watoto wa kwanza, ya waliotoa shamba, ya kina mama waliobeba maji ya kufyatulia matofali. Mtaandika historia gani ya elimu kama shule zenyewe zinawasha moto kwa madaftari yake?

Tengeni nusu ukurasa kila Jumamosi kwa shule moja ya kijiji: aliyetoa ardhi, mwalimu wa kwanza, na darasa la kwanza lilikaa juu ya nini. Anzeni na walimu waliofikisha miaka 70. Mwandishi aje kwa miguu hadi shuleni, asitupigie simu, maana tuna mengi ya kumwonyesha.

Mwalimu mstaafu,
Shinyanga