Itanda ipate mlinzi

Mhariri,

Nimekulia Jinja, Uganda, kando ya Nile. Maporomoko ya Ripon yalizama mwaka 1954 kwa bwawa la Owen Falls. Hayo niliyasikia kwa wazee tu. Ya Bujagali niliyaona mwenyewe, hadi yaliponyamaza chini ya maji ya bwawa jingine, lililozinduliwa mwaka 2012. Mpaka leo inaniuma.

Mwaka huohuo, mifereji ya kale ya England na Wales, pamoja na baadhi ya mito, ilikabidhiwa shirika moja la hisani, Canal & River Trust. Ndilo hutunza malango ya maji na njia za kando, watu watembee, wavue, waendeshe mashua. Kwetu, mvuvi akikuta njia ya kushukia majini imezungushiwa ua, hajui amlilie nani.

Mwaka 2007, ili kufidia yale ya Bujagali, serikali yetu iliiahidi Benki ya Dunia kuyahifadhi maporomoko ya Kalagala na Itanda, yaliyo kwenye Nile hiyohiyo. Naomba ahadi hiyo ipewe chombo kimoja chenye ofisi hapahapa Jinja na bajeti yake, kianze kwa kuweka alama njia za umma kabla ukingo haujauzwa wote.

Mkazi wa Jinja