Kifaru hakinywi sifa

Ndugu Mhariri,

Nimewasoma miaka ishirini na kitu bila kuwaandikia hata mstari mmoja, na nilikusudia kufa hivyo hivyo. Lakini ile taarifa yenu ya Jumapili, yenye jedwali la jeshi lipi lina nguvu kuliko lipi, imenitoa kitini. Mwandishi wenu amehesabu vifaru, amehesabu ndege, mizinga ameihesabu mpaka ile ya akiba. Malori hakuyagusa. Sisi watu wa ugavi tulitajwa mara moja tu, aya ya mwisho kabisa, kwamba tuko "nyuma, tukisaidia". Kisha akadai, bila haya, kwamba Napoleon alishindwa Urusi kwa sababu ya theluji.

Theluji ipi? Napoleon alivuka mto Niemen kuingia Urusi Juni 1812, kiangazi. Kabla ya kufika Borodino, karibu na Moscow, mwezi Septemba alikwisha kupoteza askari na farasi kwa makumi ya maelfu. Mikokoteni ya chakula ilikwama nyuma, farasi walilishwa majani mabichi wakafa, askari wakatawanyika vijijini kujitafutia. Theluji ya Novemba ilikuta kazi imeshafanyika, ikamalizia.

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Mpagazi abebe kilo 25 za chakula, ale kilo moja kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi na mbili, umtake arudi: mzigo wote kaula yeye, mpiganaji kabakiwa na kilo moja. Ndiyo maana katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Carrier Corps, ambayo midomoni mwa watu ikawa Kariakoo, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na si kwa risasi. Hao nao walikuwa "nyuma, wakisaidia".

Lori nalo ni mpagazi, linakunywa linachobeba. Mwisho wa Agosti 1944 vifaru vya Patton, jenerali wa Marekani, vilisimama karibu na mto Meuse, Ufaransa, matangi makavu. Petroli ilikuwepo, tena tele, ila ilikuwa Normandie, mamia ya kilomita nyuma. Ikabidi barabara nzima itengwe kwa ajili ya malori, usiku na mchana, katika operesheni iliyoitwa Red Ball Express. Ilipopamba moto yalikuwa karibu malori 6,000, na madereva watatu kati ya kila wanne walikuwa Wamarekani weusi, ambao picha zao kwenye gazeti lenu sijaziona hata siku moja.

Sasa nieleze kilichonikera hasa. Jedwali lenu linasema jeshi fulani lina makombora ya kutosha miezi sita. Yako wapi? Ghalani. Ghalani si mkononi, ndugu yangu. Mimi nilikuwa sajini wa ugavi, na tulikuwa mazoezini tu, wala si vitani. Magari yalitakiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Boza la mafuta, lita 10,000, lilifika saa nane usiku, mapema kabisa, dereva akapigiwa makofi. Kuvuta mpira wake tuanze kujaza, mdomo wake mpana kuliko matundu ya matangi yetu. Kilitakiwa kiungio kimoja cha shaba, kinaenea kiganjani. Hakikuja. Tukakata chupa za plastiki tukazigeuza faneli, tukakinga kwa ndoo, tukamimina dumu moja moja kwa mwanga wa tochi nyekundu, mafuta yakitiririka mpaka kwenye viwiko, vijana wakitapika kwa harufu. Saa kumi na mbili kamanda akaja. "Sajini, mafuta si yamefika?" "Yamefika, afande." "Basi mbona magari hayaendi?" Nilimwonyesha ile chupa. Tuliondoka saa tatu asubuhi. Ripoti ikaandikwa: mafuta yalifika kwa wakati. Wiki iliyofuata nilikikuta kiungio ghalani, kimeviringishwa kwenye karatasi ya grisi, kina lebo yake safi. Boza liliombwa kwa fomu moja, kiungio kwa fomu nyingine, na ile ya pili ilikuwa mezani kwa mtu aliyekwenda likizo.

Kozini tulikaririshwa kanuni tano: kuona mbele, kubana matumizi, kuweza kubadilika, urahisi, ushirikiano. Usiku ule zilianguka zote tano kwa kipande cha shaba. Na msiseme ni sisi tu. Katika vita vya Ghuba vya 1991 Wamarekani walipeleka makontena yapata 40,000, na zaidi ya nusu yalibidi yafunguliwe ili watu wajue ndani kuna nini. Askari akiagiza kipuri asikione, anaagiza tena, na tena, mlima unazidi kukua.

Na hapo sijawagusa wanaonunua magari. Mwaka huu lori la aina hii, mwaka kesho la aina ile, mwaka wa tatu la msaada kutoka kwa rafiki mpya. Siku ya kukabidhiwa yanameta, nanyi mnapiga picha ya ufunguo. Hakuna anayeuliza chujio la mafuta la lori hilo linapatikana wapi. Sisi tulikuwa tunachinja lori moja kwa vipuri kuponya mawili, na lililochinjwa liliendelea kuhesabiwa kuwa zima. Jedwali lenu bila shaka nalo limelihesabu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila mkichapa picha ya kifaru, pembeni mchape madumu yake. Abrams, kifaru cha Wamarekani, hujazwa karibu lita 1,900 na hutembea kama kilomita 425. Hayo ni madumu 95 ya lita 20, kwa kifaru kimoja. Yapangeni safu kumi kumi, msomaji ayahesabu mwenyewe. Pili, mwandishi wa jedwali lile apelekwe usiku mmoja kwenye kituo cha mafuta cha mbele, apewe tochi nyekundu na fomu ya nakala tatu, asirudi mpaka hesabu zikubaliane. Kiungio asihangaike kukitafuta, nitampa mimi. Kiko kwenye droo yangu tangu wiki ile, sikukirudisha. Daftari la ghala, nina hakika, bado linasema kipo.

Sajini mstaafu wa ugavi