Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu Maalumu: usaili unawafungia nje wale wale mliowajengea shule

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Usaili wa kujiunga na sekondari maalumu ya vijana wenye usonji

Mimi ni mwalimu wa darasa la watoto wenye usonji (autism), yaani watoto ambao ubongo wao hupokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti na wenzao, katika shule ya msingi. Wanapokaribia kumaliza, mimi ndiye ninayewaandaa kwa usaili wa sekondari maalumu na kuwaandikia ripoti. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa barua zilizopita kwa utaratibu wa kawaida zimerudi na jibu lile lile: mtoto hakukidhi vigezo. Vigezo vyenyewe sijaonyeshwa, na wazazi nao hawajaonyeshwa.

Usaili huu, Mheshimiwa, unapima namna kijana anavyostahimili kusailiwa. Swali la kama anaweza kusoma sekondari hauligusi kabisa.

Tazama unavyoendeshwa. Kijana anaingizwa katika chumba asichokijua, mbele ya watu asiowajua, mzazi akiwa ameachwa nje. Taa inavuma juu ya kichwa. Wasaili hawaisikii, lakini yeye anaisikia kuliko anavyowasikia wao. Anaulizwa swali. Wengi wa vijana hawa huhitaji muda zaidi kulipokea swali, kulipanga kichwani na kutoa jibu. Msaili, kwa nia njema kabisa, analirudia kwa maneno mengine. Kwake hapo amesaidia. Kwa kijana limekuja swali la pili kabla hajamaliza la kwanza, kwa hiyo anaanza upya. Likija la tatu, ananyamaza. Kimya hicho kinaandikwa "hana uelewa". Asipomtazama msaili usoni, inaandikwa "hana ushirikiano". Akianza kupeperusha vidole au kujitikisa ili atulie, basi ni "tabia zenye changamoto", na hapo faili limefungwa. Dalili zilizomfanya astahili shule hiyo ndizo zinazotumika kumkataa.

Upande wa pili yuko yule anayejua kujificha. Hawa nimewaona zaidi miongoni mwa wasichana. Amejifunza kwa kuwaiga wenzake: lini atabasamu, aangalie paji la uso la mtu badala ya macho, aseme nini akiulizwa habari. Usaili wa dakika chache anaupita vizuri mno, kisha wasaili wanasema huyu mbona ni mzima, aende shule ya kawaida. Gharama ya kujificha huko huilipa nyumbani jioni, mlango ukishafungwa, na hakuna msaili aliyewahi kuwapo saa hiyo. Basi mmoja anakataliwa kwa kuwa usonji wake unaonekana sana, mwingine kwa kuwa hauonekani.

Kuhusu alama za kipimo cha akili mnazozidai kabla ya usaili, uko utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Michelle Dawson, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na wenzake. Watoto wale wale wenye usonji walipewa vipimo viwili: kile cha Wechsler, ambacho sehemu yake kubwa huenda kwa maelekezo na majibu ya mdomo, na kile cha Raven, cha kukamilisha michoro kwa kufuata mantiki. Ukiwapanga katika safu ya watoto mia, kwenye kipimo cha Raven walipanda kwa wastani nafasi 30 kuliko kwenye kile cha Wechsler. Sisemi Raven ndiyo ukweli wote. Ninachosema ni kwamba alama moja ya kipimo kimoja haitoshi kumfungia mtu mlango, hasa kipimo kinachoegemea mahali pale pale anapopata shida.

Halafu kuna fomu ya maombi. Inataka kijana awe anajieleza kwa mdomo. Wapo wanaojieleza kwa kuandika, kwa kadi za picha au kwa kibao chenye programu ya kutamka, na wana mengi ya kusema. Inataka pia asiwe na kifafa. Sharti hili linanishangaza zaidi, maana kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko watu wengine, na ujana ni mojawapo ya vipindi ambavyo huanza. Shule ya vijana wenye usonji isiyotaka kifafa imejiandaa kumpokea nani hasa? Na yule atakayeanguka kifafa akiwa tayari ni mwanafunzi, mtamrudisha nyumbani?

Najua wapo wanaosema shule maalumu zisiwepo kabisa. Wana hoja. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inadai elimu jumuishi katika ngazi zote, na mimi natamani ifike. Lakini kijana anayemaliza msingi mwaka huu hawezi kusubiri. Akikataliwa na shule maalumu, na ya kawaida ikasema haina mwalimu wa kumfaa, anabaki nyumbani. Hilo halimo katika mkataba wowote.

Ninaomba msaili aje kumwona kijana darasani kwake, akiwa na watu anaowazoea, kabla ya kumwita kokote. Mwalimu aliyekaa naye miaka mingi aulizwe, na anachosema kiwe na uzito. Pale ambapo lazima aitwe, apelekewe mapema maswali, picha ya chumba na picha za watakaomuuliza, na mtu anayemwamini aruhusiwe kukaa kando yake. Masharti ya kusema kwa mdomo na ya kifafa yafutwe. Na akikataliwa, sababu ziandikwe kwa lugha ya mzazi kuelewa, pamoja na mahali pa kukata rufaa na siku ya mwisho ya kufanya hivyo. Hakuna hapa kinachodai jengo jipya.

Darasa langu liko wazi kwa msaili yeyote utakayemtuma kabla ya awamu ijayo. Aje masomo yakiwa bado hayajaanza, akae nyuma, asihamishe viti, na asiwe na haraka ya kuuliza. Kijana mmoja hapa atachukua muda mrefu kabla ya kumsogelea, na akishamsogelea, atamuuliza yeye maswali.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa darasa la watoto wenye usonji