Gari la kambi huharibiwa na maji yaliyosahaulika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Ujerumani, hasa wale walionunua magari ya kambi, yenye vitanda, jiko na choo ndani, ilhali hawana banda la kuyalaza majira ya baridi. Langu nimelisajili kwa namba ya msimu, yaani ya kutumika miezi fulani tu ya mwaka, na kwa kuwa sheria hairuhusu gari la namba hiyo kuegeshwa barabarani nje ya miezi yake, hulilaza katika pembe ya uwanja wa mkulima mmoja nje ya Hamburg tangu Novemba hadi Machi.

Mtu aliyekulia Tanga, kama mimi, akiambiwa baridi inakuja hufikiria kufunika. Mwaka wa kwanza nilinunua turubai la plastiki, nikalikaza kwa kamba kama gunia la mkaa juu ya baiskeli, nikaondoka nimeridhika. Machi nilipofungua mlango, uvundo ulinipokea kabla sijaingia. Magodoro yalikuwa yameota ukungu mweusi upande wa chini, kwa sababu unyevu ulikosa pa kutokea, na kwenye kona za gari turubai lililopigwapigwa na upepo lilikuwa limekwangua rangi. Nilipojaza maji na kuwasha pampu, nikasikia mchirizi ndani ya kabati: koki ya bafu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Tangi nilikuwa nimelimwaga, na boila, yaani chombo cha kupashia maji moto, ilijimwaga yenyewe, kwani valvu yake ya usalama hufunguka joto likishuka hadi karibu nyuzi 3. Hapo ndipo nilipodanganyika. Valvu ile huilinda boila peke yake. Haiyaondoi maji yaliyolala ndani ya pampu, kwenye mabomba yaliyojipinda chini ya sakafu, katika mpira wa bafu wala ndani ya koki. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamebanwa pande zote, kiasi cha kijiko kinatosha kupasua plastiki.

Siku hizi hufungua matundu yote ya kumwagia maji, kisha koki zote, na ile ya mkono mmoja huiacha katikati ili bomba la moto na la baridi yote yavute hewa. Huwasha pampu kwa sekunde chache tu iteme mabaki, maana ikizunguka kavu kwa muda mrefu huungua, halafu huuchomoa mpira wa bafu na kuuning'iniza kichwa chini. Koki hukaa wazi msimu mzima. Ndugu zetu wa Marekani na Kanada wana desturi ya kupitisha kwenye mabomba antifrizi, yaani dawa ya kuzuia kuganda, ya rangi ya waridi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tafadhali asitokee mtu akamimina ile ya rejeta, ambayo ni sumu.

Turubai nimeliacha. Anayetaka kufunika anunue kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa, asizibe matundu ya hewa, ayasimamishe magodoro kwa ubavu na aache mlango wa friji wazi kidogo. Betri ya asidi iingie baridi ikiwa imejaa chaji, kwa sababu iliyoisha huganda mapema zaidi. Ya lithiamu isichajiwe joto likiwa chini ya sifuri. Breki ya mkono isivutwe ikagandamana, bali magurudumu yawekewe kabari. Mtungi wa gesi ufungwe, na anayeutoa asiuhifadhi katika chumba cha chini ya nyumba, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama humo.

Aliyeniuzia gari alitumia karibu nusu saa kunifundisha redio, lakini tundu la kumwagia maji hakunionyesha. Nililigundua mwenyewe baada ya hasara, nyuma ya sanduku la viatu, chini ya kabati la nguo. Kwa hiyo anayekwenda kununua amwombe muuzaji alifungue tundu hilo mbele ya macho yake, aone maji yakidondoka chini ya gari, ndipo atoe fedha.

Msomaji wako,
Hamburg, Ujerumani