Msaada uanze kabla ya darasa la awali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme jambo kuhusu watoto wadogo wa familia zisizojiweza.

Kila yanapotajwa malezi ya awali, wakubwa hukimbilia majengo: darasa lipakwe rangi, bembea zifungwe, utepe ukatwe. Sipingi madarasa. Lakini mtoto anayeingia humo ana miaka minne au mitano. Ile mitatu ya kwanza, ambayo ubongo wake ulikuwa ukikua kwa kasi kubwa, imeshapita nyumbani, mikononi mwa mama au bibi ambaye hakuna aliyemjulia hali.

Dawa yake inajulikana zamani. Mwaka 1986 huko Kingston, Jamaika, watafiti walianza kufuatilia watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka 2. Waliokwenda hawakuwa madaktari, ni wahudumu wa afya ya jamii, wakiwa na vitu vya kuchezea vilivyoundwa kwa vifaa vya kuokoteza. Kazi yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanawe. Watoto hao walipofikia miaka 22 hivi, kipato chao kiliwapita kwa asilimia 25 wenzao waliodumaa ambao hawakupata michezo ile. Wapo waliopewa lishe ya ziada peke yake, nayo haikuleta tofauti hiyo ukubwani. (Asije mtu akasema basi chakula si lazima; mwenye njaa hachezi.)

Sasa mhudumu wa namna hiyo sisi tunamlipa nini? Mara nyingi fulana, kofia na makofi siku ya maadhimisho. Mwezi wa kwanza anazunguka, wa pili anazunguka, wa tatu kaenda kutafuta riziki, na nani amlaumu?

Na mama je? Anayetoka alfajiri kusaka kibarua na kurudi usiku, ukimwambia "cheza na mwanao" umemtwisha mzigo mwingine. Apewe posho ya kumpumzisha walau siku moja ya kuhangaika, na anayemtembelea aanze kwa kumuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje, maana mama aliyezama katika huzuni hana sauti ya kumwimbia mtoto.

Ninachodai ni kwamba bajeti ijayo itenge mishahara ya wahudumu hawa kabla ya fedha za saruji.

Wako,
Msomaji na mlezi