Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: karatasi, siku kumi na sufuria zilizorudi

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wauzaji wa nyumba kwa nyumba, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Katibu ameniomba nisizidi kurasa mbili manake mwaka jana nilisoma mpaka chai ikapoa, kwa hivyo naenda moja kwa moja kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, nalo ni karatasi tunazotakiwa kumpa mteja tukimuuzia.

Mnakumbuka ilivyoanza. Mwezi wa pili mama mmoja wa Likoni, mtu mzima, alikuja mpaka kwa mweka hazina na seti nzima ya sufuria ndani ya gunia, nne na vifuniko vyake, moja bado ina nailoni haijatolewa. Aliuziwa na mwenzetu pale pale barazani kwake, akatuma dipoziti kwa M-Pesa, iliyobaki alipe pole pole. Siku ya nne mtoto wake akapiga simu kutoka Nairobi, mama hizo pesa si ndizo za kodi? Mama akataka kurudisha, mwenzetu akamwambia mali ikishauzwa hairudi ndio sheria. Mimi nilikuwepo na nakiri mbele yenu kwamba mimi pia nilidhani ndio sheria, si tumeiona kila duka imebandikwa ukutani kwa wino mwekundu!

Yule mtoto akatutumia kurasa za Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 kwa WhatsApp. Tukakaa na katibu tukasoma. Inasema makubaliano yakifanywa ana kwa ana mahali ambapo si pa biashara ya muuzaji, yaani nyumbani kwa mtu, ofisini kwake, nje ya kanisa watu wakitoka misa, basi mteja ana siku kumi za kughairi, na haulizwi sababu. Siku zenyewe zinahesabiwa tangu apokee nakala ya makubaliano yaliyoandikwa. Kama hukumpa nakala inavyotakiwa anaweza kughairi mpaka mwaka mzima! Hapo tukanyamaza wote wawili, manake mimi nina miaka kwenye biashara hii na sijawahi kumwandikia mtu chochote zaidi ya jina na salio kwenye daftari langu mwenyewe. Ni kweli sheria inaangalia pia kiwango cha pesa, si kila sabuni ya shilingi mbili tatu, lakini seti ya sufuria au filta ya maji msijidanganye.

Dipoziti ya mama ilirudi jioni ile ile.

Tulipoleta jambo hili kwenye kikao cha mwezi wa nne ilikuwa vurugu, wengine walisema siku kumi zitatuua, ati mteja atapikia pilau ya harusi halafu arudishe sufuria. Nawaelewa. Lakini jiulizeni kwa nini sheria inatutenga sisi na mwenye duka. Mtu akienda dukani ametoka kwake na nia, amevaa viatu. Sisi tunamkuta na leso yake, anatukaribisha, tunakunywa chai yake, tunaulizana habari za watoto, sasa ukifungua begi ataanzaje kukwambia hapana wewe mgeni wake? Ananunua kwa haya. Halafu usiku analala anahesabu. Zile siku kumi zimewekwa kwa ajili ya ile haya, na sisi tunajua vizuri sana tunavyoitumia tusijifanye hatujui.

Basi tukapitisha kwa kura, si kwa wingi mkubwa, kwamba kila mauzo ya malipo pole pole yaandikwe kopi mbili. Bidhaa gani, bei yote ni ngapi, dipoziti, jina na namba ya muuzaji, na kwamba mteja anaweza kughairi ndani ya siku kumi. Tangu hapo bidhaa zimerudi lakini si mafuriko yale mliyotutishia nayo, na yule mama wa Likoni mwezi wa nane alinunua sufuria moja, keshi. Moja tu.

Jambo la pili ni hizi biashara za piramidi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mwaka huu wanachama wetu wawili wametuacha wakaingia kwenye kampuni siitaji jina, unalipa pesa ya kujiunga, unaambiwa leta watu watatu, na hao walete watatu, bidhaa yenyewe ukiiulizia unaoneshwa boksi la vidonge halina hata alama ya KEBS, shirika la viwango. Jamani sisi Wakenya tushaumwa. Kile kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na marehemu Francis Nyenze kilitoa ripoti 2009, kikahesabu zaidi ya watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 kwenye skimu hizi. Walikuwemo walimu na wastaafu na vyama vya akina mama, na kina sisi pia.

Swali la kuuliza ni moja tu, pesa ya komisheni inatoka wapi? Ikitoka kwa mteja aliyenunua sufuria akapikia, hiyo ni biashara. Ikitoka kwa pesa ya kujiunga ya anayekuja nyuma yako, siku watu wakiisha pesa zimeisha. Hata Marekani Herbalife, kampuni inayouza virutubisho kupitia mawakala, walilipa dola milioni 200 mwaka 2016 na wakatakiwa wabadilishe malipo yaendane na mauzo kwa wateja wa kweli, na India kanuni zao za 2021 zinakataza kampuni kutoza mtu ada ya kuingia. Kwetu bado hatuna kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya kazi yetu hasa, tuna hiyo sheria ya 2012, tuna Mamlaka ya Ushindani ambayo inapokea malalamiko ya wateja, na juu ya yote kifungu cha 46 cha Katiba kinacholinda haki za watumiaji. Kamati imeandika barua kuomba mauzo haya yetu ya ana kwa ana yawekewe kanuni zake, majibu bado. Najua kuna mnaosema mwenyekiti anajichongea, anaita serikali ije itufunge. Kanjo, hao askari wa kaunti, wanatufukuza hata bila kanuni, angalau tuwe na karatasi ya kuonesha sisi si matapeli.

La tatu ni fupi na ni la aibu. Mwenzetu mmoja alimwambia mteja wa Kisauni kwamba unga wa virutubisho anaouza unamaliza sukari, aache vidonge vya hospitali. Mzee aliacha. Alilazwa wiki mbili, sasa yuko nyumbani alhamdulillahi, mimi na katibu tulikwenda kumuona na sitaki kuwaeleza binti yake alituambia nini. Mwenzetu amesimamishwa. Kuanzia leo ukitamka neno kuponya kwenye bidhaa ambayo haikusajiliwa kuwa dawa hatutakaa kikao, tutakufuta.

Hesabu atasoma mweka hazina mwenyewe, ni nzuri kuliko mwaka jana ingawa faini za kuchelewa mikutanoni bado ndio mapato yetu ya uhakika.

Madaftari ya kopi mbili yamefika, yako kwenye lile boksi karibu na mlango. Katibu ameshagonga muhuri wa siku kumi kila ukurasa, na kwa sababu wino uliisha katikati yale ya chini yamefifia, kwa hivyo ukipata lililofifia andika kwa mkono, usimpe mteja karatasi isiyosomeka halafu uje kwangu unalia. Moja kwa kila mwanachama, weka sahihi kwanza.