Paka wako na vifaranga

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Habari ya kwamba unaanza kufuga kuku imenifurahisha mno. Umeuliza kama paka wako atawazoea. Kuku wazima atawazoea. Vifaranga ni jambo jingine kabisa.

Kuku mzima anakaribia ukubwa wa paka, tena ana mdomo na kucha. Paka wengi wakidonolewa puani mara moja tu huwapisha njia. Kifaranga ana umbo la panya, analia kwa sauti nyembamba na anakurupuka ovyo. Hayo ndiyo yanayoamsha uwindaji wa paka, na hakuna mafunzo yanayoufuta. Mpaka wafikishe wiki 12 hivi, usiwaache naye peke yao, hata kama unakwenda kuchota maji tu.

Kwa hiyo anza na wavu. Ule wa kawaida wenye matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke, lakini paka hupenyeza mguu akamkwangua kifaranga aliyelala pembeni. Tafuta wavu mgumu wa kuchomelea wenye matundu ya milimita 13, uupigilie na juu pia. Sanduku la vifaranga lenye taa ya kuwapa joto nalo lifunike kwa wavu huohuo, ulikaze vizuri. Paka hupenda joto la taa, atapanda kulala juu ya kifuniko. Kifuniko kikiporomoka na taa ikaanguka kwenye maranda, utakuwa na moto.

Sasa mafunzo. Mlishe paka kwanza, mchezeshe mpaka achoke, kisha kaa naye mita 3 kutoka kwenye wavu ukiwa na vipande vya nyama vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kila anapowaacha kuku na kukutazama wewe, mpe papo hapo. Ukichelewa hajui amelipwa kwa lipi. Dakika 5 mara mbili kwa siku zinatosha. Akianza kujiramba au kusinzia, kesho sogea hatua moja. Akijibana chini, ncha ya mkia ikacheza, makalio yakatikisika na mboni zikapanuka, mmesogea upesi mno. Usingoje aruke, rudini mlipokuwa jana.

Nakusihi usimpige wala kummwagia maji. Atajifunza kukuogopa wewe, na ukishaingia ndani atawawinda kama kawaida.

Siku ya kuwakutanisha uani, mvishe mkanda wa kifuani wenye kamba, aliokwisha kuuzoea nyumbani, na umwage nafaka ili kuku wainame wale badala ya kukimbia, maana mbio zao humwita. Mama kuku mwenye vifaranga usimsogelee naye kabisa: atamrukia paka usoni.

Chakula cha paka kiweke juu, kuku watakimaliza. Boksi la choo chake liwe mbali na pumba zao. Na kuku akiumwa na paka, hata kwa tundu dogo lililofichwa na manyoya, mfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mate ya paka mara nyingi hubeba bakteria wa Pasteurella, na kidonda kinachoonekana kidogo huweza kumuua.

Vifaranga wakifika niandikie umri wao na upana wa sanduku, tupange pamoja pa kuliweka.

Rafiki yako,
Salma